Kisigino Tu

4 Februari

Dada yangu,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na Mama, nikitumai hamjambo nyote. Mimi sijambo, kwa maana kwamba nakula, nalala na kuamka mwenyewe. Mengine utayaona huko chini. Shati nimelipata, ahsante. Kifuani limenikaa vizuri, ila mikono yake mifupi. Bado unanipima kwa kumbukumbu, Dada, na kumbukumbu yako iligota siku niliyoondoka nyumbani.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani hupokewa na shemeji, na jambo likishaingia sikioni mwa shemeji halikai ndani. Hili nataka likae kwako kwanza.

Kiwanda kimetuachisha kazi. Si wote, ni sisi wa chumba cha kumalizia viatu. Walitukusanya uani asubuhi, meneja akapanda juu ya kreti akasoma karatasi kwa kipaza sauti kibovu. Sisi tuliosimama nyuma hatukusikia kitu isipokuwa "tunawashukuru sana", basi tukapiga makofi. Nilipiga makofi, Dada! Nilipiga kwa nguvu, na jirani yangu wa kulia akaongeza mluzi. Wenzetu wa mbele wakageuka kututazama kama watu tuliorogwa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sina kazi.

Sababu ni mashine mpya. Inamimina soli na kisigino kwa pamoja, kikitoka kimetoka, hakuna cha nyundo wala cha msumari. Tulionyeshwa kabla ya kuondoka, sijui kwa nini. Labda tuifurahie.

Usimwambie Mama. Nikipata kazi nyingine nitamwambia mwenyewe, baya na zuri kwa pamoja, ili lisimkae kooni. Haitachukua muda. Mtu aliyefanya kazi kiwanda kikubwa kama kile hakosi pa kushika.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Sisi huku wazima. Shemeji yako amefungua redio yake kuitengeneza na sasa ipo vipande vipande juu ya meza ya chakula, tunakula tumepakata sahani. Mama hajambo, anapumzika sana siku hizi. Mimi nina sare za shule za kushona hadi naziota.

Kuhusu mikono ya shati, kunja. Wenzako wanakunja.

Sasa sikiliza. Pole, na pole tena, wala si maneno ya mdomoni. Nilikaa na barua yako hadi chai ikapoa. Halafu hasira zikanipanda, si kwako, kwa hao watu wa kreti. Halafu nikafikiri. Wewe kwa nini uhangaike huko? Fundi viatu wetu wa hapa amehamia kwa binti yake, na tangu aondoke watu wanatembea na soli zinazopiga makofi kuliko nyinyi. Chumba cha mbele cha marehemu Baba kipo, nakitumia kuwekea vitambaa tu. Njoo nyumbani ufungue karakana yako. Umefanya kazi kiwanda cha viatu miaka yote hiyo, utashindwaje na viatu vya mtaa mmoja?

Nilipoona hivyo sikungoja. Unanijua. Nimemwita mwandika mabango, akaandika kibao kizuri chenye herufi za bluu: FUNDI VIATU WA KIWANDANI, ANAKUJA. Tumekitundika mlangoni. Siku hiyohiyo mke wa muuza mkaa akaleta jozi ya kwanza.

Mama nimemwambia umepata likizo ndefu na kwamba huenda ukaja kuitumia huku. Amesema "aha" tu. Naishia hapa, namsikia anakuja koridoni, kishindo kimoja kizito na kimoja chepesi, lazima nifiche karatasi.

Nijibu upesi, unakuja lini?

Dada yako

27 Machi

Dada,

Salamu kwenu. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa nazunguka. Mwambie shemeji kuwa redio ile ilikuwa nzima kabla hajaifungua.

Nimetafuta kazi hadi nyayo zimeota sugu. Kwenye kampuni ya ulinzi walinisimamisha ukutani kama mhalifu, wakanipima urefu, wakasema sifikii mstari. Duka la makochi lilitaka mtu wa kubeba, nikabeba siku mbili, siku ya tatu akaja mpwa wa mwenye duka. Ofisi moja tulikaa foleni kwenye ngazi tangu jua halijatoka. Nilipoingia, kijana wa pale hakuinua hata kichwa. Akaniuliza: "Uzoefu wako ni wa nini hasa?" Nikamwambia viatu. Akauliza: "Viatu vipi?" Nikasema vya kike. Akaandika kitu, akasema tutakupigia. Dada, hakuchukua namba yangu. Mtu atapigaje simu ambayo hana namba yake?

Nilikwenda pia kwenye karakana moja ya viatu vya kuagiza, mahali pazuri, pana harufu ya ngozi mpya. Walinipa jaribio. Hatukuelewana.

Kinachoniudhi si kunyimwa. Ni namna wanavyokunyima, kama wanakupa. Kila mtu anatabasamu. Mlinzi wa mlango mmoja aliniambia, "Karibu tena," na mimi nikamwitikia ahsante. Nilifika kona ya barabara ndipo nikajitukana mwenyewe kwa ile ahsante.

Lakini niambie, kishindo gani hicho cha Mama? Kizito kimoja na chepesi kimoja? Hakuwa akitembea hivyo.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Na wewe unaelekea hujambo, maana una nguvu za kuandika kurasa mbili bila kujibu swali moja.

Nilikuuliza unakuja lini. Sikukuuliza habari za makochi. Viatu vimejaa chumba cha mbele hadi mlango haufunguki vizuri. Kuna raba za wanafunzi, kuna ndala ambazo mimi ningezitupa, kuna buti la mtu mmoja aliyeleta mguu mmoja tu, eti wa pili atauleta akiona kazi. Juzi shemeji yako alikaa gizani juu ya kiatu chenye kisigino kirefu, akaruka akasema amefumwa mkuki. Kila asubuhi watu wananiuliza, "Fundi hajafika tu?" Nawaambia yu njiani. Njia gani hii isiyokwisha? Mwalimu mmoja ameniambia usoni kwamba nimewauzia mbuzi kwenye gunia.

Kama hutaki kurudi kwa sababu ya aibu, aibu ya nini? Kuachishwa kazi si kuiba. Na kama unachagua kazi, kumbuka mchagua jembe si mkulima. Hatukuelewana, hatukuelewana nini? Walikupa jaribio la viatu, wewe mtu wa viatu!

Mama anauliza hiyo ni likizo gani ya kumfuga mtu mwaka mzima.

Nangoja.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Hamjambo? Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Kiondoe hicho kibao. Kiondoe leo, usingoje jioni. Warudishie watu viatu vyao.

Ulitaka kujua hatukuelewana nini. Walinipa kipande cha ngozi, kalibu la mguu, lile umbo la mti la kujengea kiatu, na kisu, wakaniambia tengeneza kiatu. Nikashika kisu nikakitazama. Nikakata. Nikaiharibu ngozi, wakanipa nyingine, nikaiharibu na hiyo. Yule fundi mkuu alidhani nafanya mzaha, maana karatasi yangu ya kiwanda ilisema mtumishi wa muda mrefu. Sikuwa nafanya mzaha. Sijui kutengeneza kiatu.

Elewa vizuri. Pale kiwandani tulikaa kwenye mstari. Kiatu kilinijia kutoka kulia kikiwa na uso wake na soli yake, kizima ila kimesimama kama bata. Mimi nilikipa kisigino. Gundi, msumari, nyundo, tupa ya kukwangulia, nakisukuma kushoto. Kushoto kuna mtu wa kubandika kitambaa cha ndani. Miaka yote ile sikuwahi kukiona kiatu kinapoanza, na kinapokwisha nilikiona madukani kama wewe. Wenzangu waliniita Kisigino. Hilo ndilo jina langu kule, na ndio elimu yangu yote. Visigino ninavijua. Nikikishika mkononi nakwambia kitachakaa upande gani. Lakini nani huajiri mtu wa kisigino? Hata jina la kazi hiyo halipo kwenye fomu zao.

Na usiniambie nilikudanganya. Kila nilipokuja nyumbani mlisema huyu anatengeneza viatu, Mama akawaonyesha wageni miguu yake, "viatu vya mwanangu hivi". Nani aliniuliza natengeneza nini? Mlijiuliza wenyewe, mkajijibu wenyewe, mkaandika na kibao.

Sasa hivi nakaa na mzee mmoja mshona viatu, nje ya duka la dawa. Wanamwita Mzee Gundi. Yeye anashona na kubandika, vya visigino ananisukumia mimi. Anachonigawia kinatosha chakula tu. Mvua ikinyesha tunahamia chini ya kibaraza cha duka na mwenye duka anatufukuza kwa adabu. Na wewe hukunijibu habari ya kishindo.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Tumeipata barua. Nasema tumeipata, lakini nimeisoma mimi peke yangu, mara ya kwanza nimesimama na mara ya pili nimekaa.

Kibao nimekigeuza, sasa kinatazama ukuta. Viatu narudisha kidogo kidogo. Nimetukanwa na watu ambao niliwashonea nguo za ndoa. Nilikuwa na hasira na wewe siku nzima, halafu nikajiuliza nami kweli niliwahi kukuuliza? Sikumbuki. Basi tuliache hapo, maji yakimwagika hayazoleki.

Kishindo. Mama alikataza nisikwambie. Alisema, "Ukimwambia ataacha kazi aje, na kazi ikiachwa hairudi." Mwaka jana, mvua zilipoanza, aliteleza bafuni akavunjika juu ya goti. Walimfunga plasta, mfupa ukaunga, lakini uliunga vibaya. Mguu mmoja sasa mfupi. Ndiyo maana hakuja kwenye simu ile siku uliyotaka kuongea naye, nikakwambia amelala. Ndiyo maana hata harusini kwa jirani hakwenda. Haendi popote. Anatoka kitandani hadi jikoni, anashika ukuta, ukuta wa koridoni umekuwa mweusi kwa mkono wake. Fimbo hataki, anasema fimbo ni ya wazee. Viatu vya mwanawe havivai, vinamwangusha, na hilo ndilo linalomuuma kuliko mfupa wenyewe.

Nimepiga moyo konde nimekwambia. Mgombane naye mwenyewe siku ukija.

Sasa, unasema unajua kisigino tu. Vema. Mama anataka kisigino tu. Dereva wa lori la magunia atakuletea jozi yake ile nyeusi. Nimempima: mguu wa kushoto ndio mfupi, upungufu wake ni kama upana wa kidole gumba changu. Unakijua kidole changu, umekula makofi yake.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Salamu kwenu nyote. Mwambie Mama sijui lolote, kama mlivyozoea kuambiana.

Mlinifanya mtoto. Mtu anavunjika mfupa wa mguu, mimi huku naandika habari za mikono ya shati! Sina la kusema zaidi, maana nikisema nitakosa adabu.

Viatu hivi hapa, nimempa dereva yuleyule. Nimekipandisha cha kushoto kwa raba ngumu, tabaka juu ya tabaka, na si kisigino peke yake, nimeipandisha na soli kidogo, kwa sababu ukiinua nyuma tu mguu unateleza mbele na vidole vinabanwa. Mbele nimekwangua kona ili asijikwae anaponyanyua. Mzee Gundi aliniachia meza nzima siku ile, akakaa kwenye ndoo ananitazama. Tangu tuachishwe kazi hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya kama mtu mwenye akili zake.

Kazi ya kweli bado. Niliomba ya kuchapa tiketi, wakataka mwanamke. Niliomba ya stoo, wakataka cheti.

Niandikie akishavaa.

Mdogo wako

30 Juni

Wewe,

Umemuinua palipoinuka!

Nilimvalisha mwenyewe, nikapiga magoti nikafunga kamba. Alikuwa amechana nywele. Akasimama, akaenda upande kama ukuta unaotaka kuanguka. Shemeji yako alimdaka kwapani, la sivyo tungekuwa na mfupa wa pili. Tulidhani ni kuzoea, tukamjaribisha tena. Vibaya zaidi. Kisigino kirefu kiko kwenye mguu mrefu!

Mama alikaa kitandani. Alivivua, akavipanga chini ya kitanda kwa utaratibu kama viatu vya mgeni, akageukia ukutani. Ningependa angekutukana.

Kitu kimoja tu unachokijua, na hicho nacho!

Dada yako

9 Julai

Dada,

Umeandika "mguu wa kushoto ndio mfupi". Barua ninayo hapa. Nimeisoma hadi karatasi imechoka. Nimempa na Mzee Gundi aisome, naye kasema ni kushoto.

Ulipompima ulikaa wapi? Ulikuwa mbele yake, umepiga magoti, kama unavyowapigia magoti wateja wako wa sketi? Kushoto kwa nani, Dada? Kwa Mama au kwako?

Nimefanya nilichoambiwa. Hivyo ndivyo nilivyofanya kiwandani, na hao nao walinishukuru sana kwa kipaza sauti.

Msinitumie kitu kingine. Tafuteni fundi.

28 Agosti

Mdogo wangu,

Natumai hujambo. Ni muda hatujaandikiana. Mimi nilikuwa nangoja uanze, nawe bila shaka ulikuwa unangoja nianze. Kwa ukaidi tumetoka tumbo moja. Redio imepona, ila inashika kituo kimoja tu, cha matangazo ya vifo. Sare za shule nimemaliza.

Nilikuwa mbele yake. Nimepiga magoti. Tangu nijifunze kushona napima watu nikiwa mbele yao, pindo la gauni linazunguka mwili mzima, halina kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunilalamikia. Sikuwaza. Niliandika upande wa mkono wangu. Nimekaa na jambo hili wiki nyingi kabla ya kuliandika, na bado kalamu haitaki.

Safari hii nimefanya kwa njia yangu. Nimemvalisha gauni lake la kijani, lile refu, nikamsimamisha peku kwenye sakafu iliyonyooka. Pindo lilikuwa limelala upande mmoja. Nikachukua vipande vya kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, nikawa namwekea chini ya mguu mfupi, kipande juu ya kipande, nashuka naangalia pindo, naongeza. Alichoka, akasema, "Unanipima jeneza?" Nikamwambia simama. Pindo liliponyooka pande zote, nikavitoa vile vipande nikavishona pamoja kwa mashine, vikakaza kama ubao. Hicho ndicho kipimo. Usiongeze, usipunguze.

Na usisome chochote. Kiatu cha mguu mfupi nimekifunga uzi mwekundu. Hicho hicho chenye uzi. Sitaandika jina la upande wowote tena maishani mwangu.

Mama hajui kama nimekutumia. Viatu alishaviaga. Tafadhali. Neno hilo nimelichovya wino mara mbili.

Dada yako

25 Septemba

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji na kituo chake, na kwa Mama. Mimi sijambo, safari hii zaidi kidogo.

Kipimo chako nilikiweka juu ya meza, Mzee Gundi akakipindua, akasema aliyeshona hiki angefaa kiwandani. Ile raba ya zamani niliing'oa, ikatoka kwa shida kwa sababu niliibandika vizuri, shauri yangu. Nikajenga upya kwenye kiatu cha uzi.

Nilipokuwa naikwangua, alikuja mama mmoja wa makamo, kisigino chake kimekatika kwenye ngazi za duka la dawa. Akakaa kungoja. Akakitazama kiatu cha Mama, akakichukua bila kuomba, akakigeuza. "Nani kakwambia uinue na soli?" Nikamwambia hakuna, mguu ungeteleza. Akapitisha kidole kwenye tabaka za raba. Kumbe ni msimamizi wa karakana ya hospitali, ile wanayotengenezea watu magongo na miguu ya bandia. Akasema watu wao wa viatu vya kuinua wanapelekewa mbao za kupigiliwa chini, wanatembea kama wamekanyaga matofali. Akaniambia niende kesho yake.

Nilikwenda. Chumba kile kile cha siku zote, meza, kalamu, tabasamu. Akaniuliza: "Unaweza kutengeneza kiatu?" Dada, nilichoka. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa kuzunguka kila mlango wa mji huu. Nikasema, "Siwezi. Naweza kisigino tu." Karani aliyekaa pembeni akacheka. Yule mama hakucheka. Akasema viatu wanaletewa na wenye miguu, vizima; wanachokosa ni mtu wa chini.

Usishangilie bado. Amenipa ufagio na tupa. Nafagia, nawakwangulia wengine, meza yangu mwenyewe sina. Ni mkali, hasemi ahsante, ananirudishia kazi kwa kuidondosha. Nilimwonyesha kiatu cha Mama kilipokamilika, nikadhani atasema neno. Akaniuliza: "Kimevaliwa?" Nikasema bado. "Basi hiki ni donge la raba. Mwenye mguu akishatembea nacho, uniletee jibu lake, tena lisiwe la kukusifu. Tutaona habari ya meza."

Kwa hiyo nakutumia viatu na nangoja. Kama anaegemea, andika anaegemea. Usinihurumie. Sitaki tena kupiga makofi nikiwa nyuma.

Mdogo wako

10 Oktoba

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, na sina haraka, kwa hiyo utasoma salamu zote. Shemeji yako anakusalimu. Chumba cha mbele kimebaki na lile buti la mguu mmoja, mwenyewe hajarudi. Mvua zimeanza.

Viatu vilifika siku ya mvua. Niliviweka kando ya kitanda cha Mama, sikusema kitu, maana mara ya kwanza tulisema sana. Alivitazama. Nikatoka, nikarudi kwenye mashine yangu, nikakaa na hofu yangu. Siku ile hakuvivaa. Wala kesho yake. Nikakasirika, nikasema kimoyomoyo kwamba huyu mama ana roho ya jiwe.

Jana asubuhi nilikuwa na mteja, yule mke wa muuza mkaa, namkatia kitambaa huku namlalamikia. Nikasema yote. Kwamba Mama ni mkaidi, kwamba mwanawe amehangaika na yeye hata kuvijaribu hataki, kwamba kulea mzazi ni kazi isiyo na mshahara. Niliendelea kwa raha zangu kwa sababu nilijua yuko chumbani. Tangu aanguke, mimi humjua alipo kwa masikio: kizito, chepesi, kizito, chepesi. Hajawahi kunifikia bila mimi kumsikia. Mteja akanikonyeza. Sikuelewa, nikaendelea. Akanikonyeza tena.

Nikageuka. Mama amesimama nyuma yangu, katikati ya chumba, mikono yake yote miwili ameifunga kifuani. Hakushika ukuta wala kiti. Amevaa lile gauni la kijani, na pindo lake limenyooka, nakuapia, limenyooka.

Akasema, "Endelea, mwanangu. Ulifika kwenye mshahara."

Mkasi ulinitoka mkononi. Nililia mbele ya mteja, sikuona haya. Halafu akageuka akarudi zake koridoni, na mimi nilitega sikio, nikasikia hatua tu, hatua za mtu. Jioni alikwenda hadi dukani akarudi amemkasirikia mwenye duka, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Ulisema lisiwe jibu la kukusifu. Basi mwambie msimamizi wako: kisigino cha kulia kinamwinua kidogo upande wa nje, anataka kikwanguliwe. Nimeandika kulia kwa kumuuliza yeye mwenyewe, akanyoosha mkono.

Nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Alikuwa anavua viatu, anavifuta vumbi kwa kanga. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie likizo imekwisha. Arudi kazini."

Dada yako